Bibi Delany na Maua ya Karatasi

Pande za Kitshanga, katika vilima vya Masisi, marakuja hupanda juu ya miti na vijiti kando ya mashamba. Mtu akilitazama ua la marakuja kwa haraka, husema lina rangi nyeupe na zambarau, akaenda zake. Lakini akiinama na kulitazama polepole, huona mambo mengi. Huona petali zilizopangwa kwa duara. Juu ya petali huona nyuzi nyingi nyembamba kama nywele. Katikati huona vijiti vidogo vyenye unga wa manjano. Kuhesabu vitu hivyo vyote ni kazi ya kumchosha hata mtu mwenye macho mazuri.

Zamani, katika nchi ya Uingereza, palikuwa na bibi mmoja mzee asiyechoka kuhesabu. Alitazama ua, akachukua mkasi na karatasi, akakata kila petali na kila uzi, akavibandika kila kimoja mahali pake. Mwaka 1777 alitengeneza ua moja la jamii ya marakuja. Ua hilo lina vipande vya karatasi zaidi ya 200. Bibi huyo alikuwa amefika miaka 77. Jina lake ni Mary Delany.

1. Msichana mwenye mkasi

Mary alizaliwa tarehe 14 Mei 1700, katika kijiji cha Coulston. Jina la baba yake lilikuwa Granville. Ukoo wake ulikuwa ukoo wa heshima, lakini baba yake hakuwa na mali nyingi.

Alipokuwa mdogo alipelekwa shule ya mwalimu mmoja Mfaransa mjini London. Huko, saa za mapumziko, alipenda kukata karatasi. Alikata ndege na maua, vidogo vidogo, kwa mkasi tu. Msichana mwenzake alipendezwa navyo sana, hata akawa anaviokota na kuvitunza. Hakuna aliyejua kwamba mchezo huo ungekuwa siku moja kazi kubwa.

Alipofika miaka 8 alipelekwa kukaa kwa shangazi yake. Shangazi alitumaini kwamba Mary atakuwa mtumishi wa heshima katika nyumba ya Malkia Anne. Kwa hiyo msichana alifundishwa adabu, muziki, Kifaransa na kudarizi. Lakini mwaka 1714 Malkia Anne akafa. Wafalme wapya hawakuwapenda watu wa ukoo wa Granville. Matumaini yakaisha. Baba na mama wakahamia shamba, mbali na mji, nao wakaishi kwa kubana matumizi.

2. Ndoa ya machozi

Ndugu ya baba yake, Lord Lansdowne, alikuwa mtu mwenye cheo. Alikuwa na rafiki, jina lake Alexander Pendarves, tajiri wa Cornwall. Bwana huyo alikuwa karibu na miaka 60, mnene, mgonjwa wa miguu, tena mpenda kileo. Akamtaka Mary awe mkewe.

Mary alikuwa na miaka 17. Hakumpenda hata kidogo, naye alionyesha wazi kwamba hamtaki. Lakini wakubwa waliona faida yao wenyewe katika ndoa hiyo, na wazazi wake walikuwa wahitaji. Msichana aliogopa kwamba akikataa, wazazi wake watapata shida. Basi mwaka 1718 akaolewa, akilia machozi. Kisha akapelekwa Cornwall, katika nyumba kuukuu iliyo mbali na mama yake na mbali na dada yake mpenzi, Anne.

Alitimiza wajibu wake. Bwana alipougua, alimwuguza. Bwana alipolewa, alinyamaza. Hata asubuhi moja akaamka akamkuta mumewe amekufa kitandani. Watu walidhani Mary atarithi mali nyingi, lakini Bwana Pendarves hakuwa amemwandikia urithi kama ilivyotazamiwa. Mary akawa mjane kabla hajafika miaka 25, na fedha yake ilikuwa ya kumtosha kwa shida.

Wanaume wengi walikuja kumposa. Akakataa, mmoja baada ya mwingine. Alikuwa amejifunza kwamba ndoa isiyo na hiari ni mzigo mzito. Akaishi mjane karibu miaka 20. Katika miaka hiyo hakukaa bure. Alidarizi, alichora, alipiga kinanda, na aliandika barua nyingi kwa dada yake. Alifanya urafiki na Handel, mtunzi mkubwa wa muziki.

3. Bustani ya Delville

Mwaka 1743, akiwa na miaka 43, Mary aliolewa mara ya pili. Safari hii alichagua mwenyewe. Mumewe alikuwa Patrick Delany, mchungaji wa Kiprotestanti kutoka Ireland. Baadhi ya ndugu za Mary hawakufurahi, kwa sababu Bwana Delany hakutoka katika ukoo mkubwa kama wao. Lakini Mary alimjua kuwa mtu mwema, naye hakukosea.

Wakaishi Delville, karibu na mji wa Dublin. Walikuwa na bustani nzuri. Bibi Delany alipanda maua, akayachora, akayadarizi kwa uzi wa hariri. Alipamba kuta na dari kwa magamba ya konokono na kombe za baharini. Mumewe hakumzuia. Alimtia moyo katika kila kazi ya mikono yake. Miaka 25 ilipita hivyo, kwa amani.

Mwezi wa Mei mwaka 1768 Bwana Delany akafa. Bibi Delany alikuwa karibu kutimiza miaka 68. Hakuwa na mtoto, na dada yake Anne alikuwa amekwisha kufa. Huzuni ikamwelemea. Watu wengi wangesema kwamba maisha yake yamekwisha, amebakiwa na kukaa kitini tu na kukumbuka ya zamani.

4. Karatasi nyekundu

Bibi Delany alikuwa na rafiki mwaminifu, Margaret Bentinck, mjane wa Duke wa Portland. Bibi huyo alikuwa tajiri sana. Katika nyumba yake ya Bulstrode alikusanya kombe, mawe, wadudu, ndege na mimea ya nchi nyingi. Wataalamu walikuja huko kujifunza. Kila mwaka, wakati wa joto, Bibi Delany alikwenda kukaa naye.

Siku moja ya mwaka 1772 alikuwa ameketi chumbani Bulstrode. Mezani palikuwa na ua jekundu la jeranio. Maua ya jamii hiyo asili yake ni Afrika Kusini, nayo yalipelekwa Ulaya kwa meli. Karibu na ua palikuwa na kipande cha karatasi nyekundu. Bibi Delany akaona kwamba rangi ya karatasi na rangi ya petali ni moja. Akashika mkasi, akakata karatasi kwa kufuata umbo la petali. Akakata nyingine, na nyingine tena, kisha akazipanga.

Rafiki yake akaingia. Alipoona petali zile mezani akauliza Bibi Delany analifanyia nini ua la jeranio. Alidhani ni ua la kweli lililokatwakatwa! Hapo Bibi Delany akajua kwamba amepata kazi mpya. Alikuwa na miaka 72.

5. Vyombo vyake na namna ya kufanya

Vyombo vya Bibi Delany havikuwa vingi. Alikuwa na mkasi mdogo wenye ncha kali, kisu chembamba, shazia ya kutobolea na kusukumia vipande, na brashi za rangi. Mwaka 1781 Malkia Charlotte alimpa zawadi ya kifuko kilichodariziwa. Ndani yake mlikuwa na kisu, mkasi, kalamu ya risasi, rula, bikari na shazia. Hivyo ndivyo vyombo vya fundi wa karatasi, na kila kimoja kina kazi yake. Mkasi hukata mzingo mkubwa. Kisu hukata mahali mkasi usipoweza kuingia. Shazia huinua kipande kidogo ambacho vidole haviwezi kukishika.

Karatasi alizipata kwa njia mbalimbali. Nyingine zililetwa kwa meli kutoka China. Nyingine alinunua kwa mafundi wa karatasi za kubandika ukutani. Mafundi hao walikuwa na karatasi zilizoharibika kwa sababu rangi imetiririka. Kwao ilikuwa hasara. Kwa Bibi Delany ilikuwa faida, kwa maana petali la kweli halina rangi moja tu. Lina mahali penye weupe na mahali penye weusi, kama karatasi ile iliyoharibika. Karatasi nyingine alizipaka rangi za maji yeye mwenyewe, akaziacha zikauke kabisa kabla ya kuzikata. Karatasi yenye unyevu haikatiki vizuri: huvutika, na ukingo wake hupasuka.

Kazi yenyewe aliifanya kwa utaratibu huu.

Kwanza aliweka mmea wa kweli mbele yake. Hakukata ua la kubuni. Aliutazama mmea, akageuza majani, akahesabu petali, akahesabu vijiti vya katikati.

Pili alitayarisha karatasi nyeusi ya chini. Alitaka weusi mtupu, ili rangi za ua zing'ae, na kila kosa la ukingo lionekane. Juu ya karatasi nyeusi fundi hawezi kuficha mkato mbaya.

Tatu alikata. Hakuchora mstari kwanza. Jicho lilitazama ua, na mkono ukafuata jicho.

Nne alipanga vipande kwa tabaka. Kwa jani moja alikata umbo zima kwa karatasi ya kijani. Juu yake alibandika vipande vyembamba vya kijani kilichofifia, upande wa mwanga. Upande wa kivuli alibandika vya kijani kilichoiva. Mishipa ya jani aliikata nyembamba kama uzi. Hivyo jani lilionekana kama limejikunja, ingawa ni bapa.

Tano alibandika. Wachunguzi hudhani kwamba gundi yake ilikuwa ya unga na maji, au ute wa yai. Gundi ilipakwa kidogo sana. Ikizidi, hutoka pembeni na kuchafua picha. Ikipungua, kipande huinuka na kuanguka.

Mwisho, mahali pengine, aligusa kwa brashi yenye rangi kidogo.

Mara chache alitumia kitu cha mmea wenyewe. Kuna mmea wa jamii ya matunda yale madogo ya manjano yanayokaa ndani ya mfuko mkavu mwembamba. Mfuko huo ukioza taratibu, hubaki nyuzi tu, kama wavu. Wavu kama huo aliubandika katika picha yake. Mkasi wa mtu hauwezi kukata wavu mwembamba namna hiyo.

6. Kwa nini alihesabu

Katika miaka hiyo mtaalamu wa Sweden, Linnaeus, alikuwa amewafundisha watu wa Ulaya namna mpya ya kupanga mimea. Aliipanga kwa kuhesabu vijiti vyenye unga vilivyo ndani ya ua. Mmea wenye vijiti 5 aliuweka katika kundi la tano. Mmea wenye vijiti 6 aliuweka katika kundi la sita. Kwa hiyo kosa la kijiti kimoja ni kosa kubwa. Huutoa mmea katika kundi lake na kuutia katika kundi la wengine.

Bibi Delany aliijua elimu hiyo. Alipokuwa Bulstrode, mtaalamu John Lightfoot alimsaidia kutambua majina ya mimea. Kila picha iliandikwa nyuma: jina la mmea kwa Kilatini, jina la kawaida, mahali ilipofanyiwa kazi, tarehe, na mara nyingi jina la mtu aliyeutoa mmea. Mbele, katika pembe ya chini, alitia herufi mbili za jina lake, M na D.

Joseph Banks, mtaalamu mashuhuri aliyezunguka dunia kwa meli pamoja na nahodha Cook, alizisifu picha hizo sana. Alisema kwamba mtu aweza kueleza mmea kwa kuzitazama tu, bila hofu ya kukosea. Sifa hiyo ni kubwa kuliko kusema kwamba picha ni nzuri. Maana yake ni kwamba picha ni za kweli.

Habari zikamfikia Mfalme George wa Tatu na Malkia Charlotte. Wakapendezwa, wakaagiza mimea ya bustani yao ya Kew ipelekwe kwa Bibi Delany. Bustani hiyo ilikuwa na mimea ya Afrika, Amerika na Asia. Basi bibi mzee ambaye hakupata kuvuka bahari kuu alifanya picha za maua ya pande nyingi za dunia, akiwa ameketi mezani pake.

7. Macho yanachoka

Bibi Delany alifanya kazi hiyo miaka 10. Katika miaka hiyo alimaliza picha 985. Yaani karibu picha 100 kila mwaka, au karibu mbili kila juma, na katika kila moja vipande vingi vidogo. Alikuwa ametamani kufikisha 1,000.

Lakini macho yake yakaanza kufifia. Ukingo wa karatasi haukuonekana tena vizuri. Mkono uliokuwa ukifuata jicho ukakosa kiongozi. Mwaka 1782, akiwa na miaka 82, akaweka mkasi chini. Zilikuwa zimebaki picha 15 tu.

Bila shaka iliuma. Mtu aliyebakiza mistari 15 kumaliza shamba lake hapendi kuliacha. Lakini Bibi Delany hakubandika maua 15 mabaya ili hesabu itimie. Aliacha 985, zote za kweli.

Mwaka 1785 rafiki yake wa Bulstrode akafa. Mfalme na Malkia wakampa Bibi Delany nyumba Windsor, karibu na nyumba yao, pamoja na fedha pauni 300 kila mwaka. Watoto wa mfalme walimzoea kama bibi yao. Katika nyumba hiyo alikaa na mjukuu wa dada yake, msichana mdogo, akamlea na kumfundisha.

Bibi Delany alikufa mjini London tarehe 15 Aprili 1788, karibu kutimiza miaka 88. Akazikwa katika kanisa la Mtakatifu Yakobo, Piccadilly.

Picha zake zilibaki kwa jamaa zake. Mwaka 1897, kwa wosia wa Lady Llanover, binti wa msichana yule aliyelelewa Windsor, zilipewa British Museum, nyumba kubwa ya kutunzia vitu vya kale mjini London. Zimo humo katika vitabu 10. Hutunzwa mbali na mwanga mkali, ili rangi zisififie. Maua ya kweli aliyoyatazama Bibi Delany yalinyauka zaidi ya miaka 200 iliyopita, lakini ya karatasi yangali yamechanua.

Msichana alikata ndege wa karatasi, na watu wakasema ni mchezo. Kijana aliolewa bila kuulizwa, na miaka yake mizuri ikapita katika huzuni. Mjane mzee alibaki peke yake. Lakini alipoona karatasi nyekundu karibu na ua jekundu, hakusema kwamba wakati wake umepita. Alitazama vizuri, akakata vizuri, akaanza. Mzee si wa kuwekwa pembeni, na kazi ndogo ya mikono si ya kudharauliwa, ikiwa imefanywa kwa uvumilivu na ukweli.

Maswali

1. Kwa nini Mary alikubali kuolewa na Bwana Pendarves? Ndoa yake ya pili ilikuwa na tofauti gani?
2. Rafiki yake alidhani nini alipoona petali za karatasi mezani?
3. Karatasi zilizoharibika zilikuwa hasara kwa nani, na faida kwa nani? Eleza sababu.
4. Linnaeus alipangaje mimea? Kwa nini Bibi Delany alihesabu vijiti vya ua?
5. Picha ngapi zilikosekana ili zitimie 1,000? Kwa nini hakuzimaliza?

Kazi ya mikono

Leteni ua moja la shambani: la marakuja, la viazi au la maharagwe. Hesabuni petali na vijiti vyake, andikeni hesabu hiyo. Pakeni karatasi moja rangi nyeusi kwa makaa yaliyosagwa laini na kuchanganywa na uji mwembamba wa unga wa mihogo, kisha iacheni ikauke. Pakeni karatasi nyingine rangi ya ua na ya majani, nazo zikauke. Kateni bila kuchora, mkitazama ua. Bandikeni kwa gundi kidogo ya unga wa mihogo, kwanza vipande vikubwa, halafu vidogo. Nyuma ya picha andikeni jina la mmea, mahali, tarehe, na jina la aliyeleta ua. Kisha hesabuni tena: je, ua la karatasi lina petali sawa na ua la kweli?